Zamu ya Filimbi Nene

Kihonda, Morogoro
4 Machi 2024

Kwako Josephina,

Habari za Nyandira. Nimekupigia simu tangu Januari, kila siku naambiwa haipatikani, kwa hiyo nimeamua kuandika kama watu wa zamani. Luqmani wa lori la kabichi amekubali kuibeba barua hii.

Niende kwenye jambo lenyewe. Zile filimbi sita nilizozirekodi Noeli pale kanisani kwenu, nimezitungia kazi. Nimeiita "Kimya cha Lukwangule", kwa jina la ule uwanda wa juu milimani kwenu. Kutakuwa na filimbi sita, fidla nne, na mimi kwenye kinanda. Kiini cha kazi yote ni pale katikati ya wimbo wenu, filimbi zote zinaponyamaza ghafla, halafu zinaendelea kama hakuna kilichotokea. Nimezunguka na muziki tangu nilipotoka chuo, sijawahi kusikia kitu kama kile. Mpiga fidla wetu mmoja, mama wa Denmark, alipokisikia alivua miwani. Alisema kwao watu wamehangaika miaka mingi kutafuta kimya cha namna ile, kumbe kipo kwa wakulima wa kabichi.

Tutapiga Jumamosi ya tarehe 15 Juni, ukumbini hapa mjini. Nahitaji wapigaji wako wote, na wewe mwenyewe ukiwa mbele na ile filimbi nyembamba inayoanzisha. Usafiri nitaleta, malazi yapo. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa marehemu mzee Leonard, nadhani sihitaji kueleza zaidi ya hapo.

Nijibu mapema, matangazo yanachapwa.

Wilfred Leonard
Mtunzi


Nyandira, Mgeta
9 Machi 2024

Binamu Wilfred,

Nimeitafuta shikamoo katika barua yako mpaka nyuma ya karatasi. Mimi nilikubeba mgongoni na ukanikojolea, lakini labda matangazo yanayochapwa yamekula nafasi.

Simu yangu inapatikana vizuri sana. Wanaopiga kuuliza bei ya karoti wananipata. Wewe nimekufungia. Noeli ulikuja na mashine yako ndani ya mkoba, ukaketi benchi la nyuma kama mtu aliyekuja kusali, na mwezi haukuisha vijana wa gulioni wakawa wananisikilizisha wimbo wetu kwenye simu, na ngoma za disko chini yake. Hukuomba. Ungeomba ningekataa, nawe ulilijua hilo, ndiyo maana hukuomba. Kwa hiyo sauti yangu huipati tena. Karatasi sawa. Karatasi haiwekewi disko.

Kuhusu filimbi kushuka mjini: hapana.

Kuhusu kuwa mtoto wa marehemu: ni kweli, hakuna anayekunyima hilo. Ila umesoma mpaka chuo na bado hujui unatoka wapi, acha nikukumbushe, ni bure. Kwetu mtu ni wa lukolo la mama yake, ukoo wa mama, si wa baba. Mjomba Leonard alizishika hizi filimbi kwa kuwa mama yake alikuwa wetu, na alipozishika alitushikia sisi, watoto wa dada yake. Wewe ni wa lukolo la mama yako, kule Mlali. Nenda ukawaulize kama wana filimbi. Ninavyojua mimi, wana nyanya.

Kuhusu hicho kimya kilichomvua mtu miwani, sina la kusema. Endelea kukisifu.

Mama yangu Maria, ambaye ni shangazi yako, anakusalimu. Mimi nimezibeba tu salamu, sikuongeza kitu.

Josephina


Kihonda
20 Machi 2024

Josephina,

Shikamoo, tusije tukamaliza karatasi kwa hilo.

Nilikuwa mdogo sana mama aliponichukua kwenda Mlali, na sikuchagua lukolo wala nyanya. Baba alikuwa akija siku za gulio, ananiletea mapeasi ya huko kwenu, anakaa kidogo, anaondoka. Hakunifundisha wimbo hata mmoja. Siku moja nilimwomba. Akasema, "Wa kufundishwa wapo, mwanangu." Waliokuwepo ni nyinyi. Kwa hiyo usinieleze habari za kunyimwa, nazijua ladha yake.

Sasa nami nikueleze kitu. Hizo filimbi hakuna anayezijua ukishapita Mzumbe. Zinaning'inia jikoni kwenye moshi, zinatolewa Noeli na harusini, na wapigaji wenyewe karibu wote wameota mvi. Siku mtakapoondoka zitakuwa kuni. Mimi nataka zisikike, wewe unataka zibaki zenu. Zitabaki zenu kweli, hilo usihofu, hakuna atakayekuja kugombea kuni.

Na kwa bahati mbaya yako, siwahitaji. Kila filimbi inatoa sauti moja, si ndiyo? Wimbo mzima ni kupokezana zamu. Sauti zote sita ninazo kwenye kompyuta. Nimezikata mojamoja, nimeziosha, nimezipanga. Nikibonyeza kinanda zinalia. Naweza kupiga wimbo wenu wote peke yangu huku nakunywa chai. Watu nilikuwa nawataka kwa heshima tu.

Kama jibu bado ni hapana, usimchoshe Luqmani.

Wilfred


Nyandira
28 Machi 2024

Binamu,

Nilikuwa nimeamua nisikwambie jambo hili. Nilitaka upande jukwaani, uwaeleze wageni wako habari za kimya chako, wavue miwani wote, ndipo mtu mmoja wa Mgeta aliyeketi nyuma asimame akueleze. Mtu mwenyewe nilishamchagua, ana sauti nzuri. Lakini mama alitaka nimsomee barua yako, na nilipofika pale unapokunywa chai akanyanyua mkono ninyamaze. Akasema nisipokwambia, Pasaka nitaenda kanisani peke yangu. Basi nakwambia kwa ajili ya Pasaka, si kwa ajili yako.

Filimbi si sita. Ni saba.

Ya saba ni ile nene, yenye sauti ya chini kuliko zote, na ilikuwa ya baba yako. Mpigaji wetu akifa, filimbi yake hutundikwa juu ya mlango wa nyumba yake, upande wa nje. Waliobaki wanaendelea kupiga, lakini zamu yake wanaiacha wazi. Hakuna anayeiingilia. Tunafika pale, tunanyamaza kwa kadiri ambayo angepuliza, tunaendelea. Inakuwa hivyo mpaka matanga yaanuliwe na filimbi ipate mtu mwingine.

Hicho unachokiita Kimya cha Lukwangule ni baba yako. Umemrekodi asivyokuwepo, umemkata, umemwosha, umemtafutia na wapiga fidla.

Ungekaa msibani kama watu, ungeona ikitundikwa. Uliondoka kesho yake baada ya mazishi, ukasema una onesho Dodoma.

Pasaka njema.

Josephina


Kihonda
15 Aprili 2024

Dada Josephina,

Shikamoo. Naomba umfikishie shangazi shikamoo yake. Samahani kwa kuchelewa. Luqmani atakueleza kwamba alipita akanikuta nausikiliza wimbo, akapita tena akanikuta vilevile.

Nimeusikiliza upya. Ni kweli. Nikitega sikio vizuri pale kwenye kimya, nasikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja na kuishikilia, kama wanaomngoja mtu apite mlangoni. Mimi nilidhani ni ufundi.

Sitakudanganya. Nililia, na nilipomaliza kulia nikaona kazi imekuwa nzuri zaidi. Usikunje uso, wewe pia ni mpigaji, unajua ninachosema.

Sasa nina ombi, na naliomba kwa adabu. Baba ana karibu miaka miwili kaburini. Kwa nini hamjaanua matanga, sijui. Nasikia watu wanasema ndani ya lukolo lenu hakuna mwenye pumzi ya filimbi nene, na kwamba mdogo wako Andrea alijaribu kwenye kipande cha mwanzi akatoa sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Hayo si yangu. Ombi langu ni kwamba, kama mmeweza kungoja kote huko, ngojeni mpaka tarehe 15 Juni ipite. Msianue kabla. Filimbi ya saba ikirudi kimya kinazibwa, na bila kimya sina kazi, nina wimbo wa Noeli wenye fidla. Wapiga fidla wameshalizoea pengo lile. Na yule mama wa Denmark ameniambia kwamba kazi ikisimama vizuri hapa, tutaipeleka kwao. Nimeingoja nafasi kama hii tangu nilipoanza kushika kinanda.

Baada ya hapo mtaziba mnavyotaka.

Nisaidie, dada.

Wilfred


Nyandira
24 Aprili 2024

Binamu,

Barua yako imefika na shikamoo, salamu kwa mama, na samahani. Nikamwambia mama, "Huyu anataka kitu." Nikageuza ukurasa, nikakikuta.

Yaani baba yako akae juu ya mlango, anyeshewe masika yote, ili wewe upigiwe makofi. Gulioni nimeona wauzaji wa kila namna, wapo wanaomwagia kabichi maji zionekane zimechumwa asubuhi. Wewe umewapita.

Nikujibu kwa nini matanga hayajaanuliwa, maana huko mjini mmeshajijibu na mbuzi wenu. Filimbi ikishatundikwa juu ya mlango, mtu wa lukolo haigusi. Tukiigusa sisi ni kama tumemnyang'anya marehemu. Inashushwa na mtoto wake wa kumzaa, kwa mkono wake, anaiosha mtoni, anatukabidhi. Mtoto ni mtu wa nje, ndiyo maana kazi hiyo amepewa yeye: hana faida nayo. Mjomba Leonard alizaa mtoto mmoja. Mtoto huyo alikuja Noeli, akapita chini ya mlango uleule akienda kujisaidia nyuma ya nyumba, mashine mkobani, akasifu mandhari.

Utauliza kwa nini sikukwambia siku ile. Mtoto haalikwi kwenye matanga ya baba yake. Ukimwalika umemtukana. Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Mama anasema nilifundishwa nusu, na kwamba nusu nyingine ni kiburi changu. Huyo nitamalizana naye hapa nyumbani, wewe usiingilie.

Tumepanga kuanua Jumamosi ya tarehe 8 Juni. Filimbi anapewa Andrea. Kikohozi chake kitapona. Kuja au kutokuja ni shauri lako, mimi nimekupa ratiba ya kijiji. Sikukualika.

Josephina


Kihonda
3 Mei 2024

Josephina,

Asante kwa ratiba ya kijiji.

Niliisoma barua yako nikitafuta tusi jipya, nikakuta habari mpya. Tangu Machi unanieleza kwamba mimi ni mtu wa nyanya, sina changu kwenye filimbi. Kumbe bila mkono wangu hamwezi hata kuishusha. Tarehe 8 Juni mnaweza kupika pombe, mkachinja, mkakaribisha mpaka watu wa kijiji cha Bunduki. Mimi nisipopanda huko mtakula, mtakunywa, mtarudi makwenu, na filimbi itabaki juu ikiwatazama.

Basi tuongee kama watu wa gulioni, lugha hiyo unaijua kuliko mimi. Nitakuja tarehe 8. Nitaishusha, nitaiosha, nitamkabidhi Andrea. Na tarehe 15 mtashuka wote saba. Andrea atakaa na filimbi mapajani, na zamu yake ikifika ataiacha wazi. Mara moja tu, mbele ya watu. Baada ya hapo apulize maisha yake yote. Ukikataa, siji, na mlango ule uoze na filimbi yake.

Usiniandikie kwamba huu ni ukatili. Baba alisema wa kufundishwa wapo. Basi nami hili la kushikilia kitu mpaka mtu akuombe, nimefundishwa na nyinyi.

Wilfred


Nyandira
19 Mei 2024

Kwa Wilfred mwana wa Leonard,

Anayeandika ni mimi Luqmani, dereva. Anayesema ni shangazi yako Bi Maria, ameketi mbele kwenye lori langu wakati nangoja barabara ikauke. Josephina hajui. Naandika anavyosema, nimeonywa nisipunguze makali.

Anasema: marahaba, kwa shikamoo ulizokuwa ukizipitisha kwa watu wengine.

Anasema: barua zenu nimesomewa zote. Mnaandika vizuri. Mngelima hivyo, Mgeta nzima ingeshiba.

Anasema: mvua imeangusha ukuta wa nyumba ya kaka yangu, ule wa upande wa mlima. Mlango umebaki umesimama na paa limeinama juu yake. Filimbi ipo palepale, inalowa. Wa kuigusa hayupo. Josephina amesimamisha bati juu yake kwa miti miwili. Nilipomuuliza alisema anakinga mlango, siku hizi mbao za mninga hazipatikani. Mlango wenyewe ni wa mkaratusi. Juzi upepo ulilichukua lile bati, akalifuata mpaka kwenye shamba la njegere, akalirudisha. Jana tena.

Anasema: yeye hatakwambia, na wewe hutauliza. Mimi ni mzee, sina muda wa kungoja nani aanze.

Anasema: hilo pengo lenu la tarehe 15 mtajua wenyewe. Mimi silijali. Kaka yangu ananyeshewa.

Nimemuuliza kama ameishia hapo, ameniambia niwashe gari.

Hili sasa ni langu mimi Luqmani. Bwana Wilfred, mimi ni mtu wa Mkuyuni, kwenye hayo malukolo yenu simo. Lakini nimezibeba barua hizi tangu Machi bila nauli, na kwa uzito wa yaliyomo nashangaa springi hazijakatika. Jumatano barabara itapitika. Nafasi ninayo.

Luqmani, kwa kinywa cha Maria


Nyandira
25 Mei 2024

Wilfred,

Ulikuja nikiwa gulioni, ukaondoka kabla sijarudi. Kama ni adabu au woga sijui, na kwa kuwa imenifaa sitauliza.

Mama amenieleza. Kwamba ulisimama mbele ya mlango mpaka akadhani umesahau ulichojia. Kwamba uliishusha kwa mikono miwili, ukaiosha mtoni, ukaipuliza mara moja. Kushusha kumo kwenye kazi ya mtoto. Kuosha kumo. Kupuliza hakumo. Mama anasema ulikuwa unatoa maji tu. Haya, yalikuwa maji.

Mwanzi umepata ufa mwembamba karibu na mdomo, tumeufunga kwa uzi na nta. Tarehe 8 Andrea atapewa kama ilivyopangwa, na kwa kuwa kazi yako umeshaimaliza, huna haja ya kupanda tena.

Umeshusha kabla sijakujibu ile biashara yako. Mtu wa gulioni hafanyi hivyo, hatoi mzigo kabla ya kupatana. Ningeweza kukuacha hivyohivyo, na nililifikiria hilo kwa raha nyingi huku napalilia. Lakini sitaki watu waseme lukolo letu lilimdhulumu mtu wa Mlali. Tarehe 15 tutashuka saba. Andrea ataiacha zamu yake wazi, mara moja, kama ulivyotaka. Usilete usafiri wako, tutakuja na lori la kabichi, tumelizoea.

Baada ya hapo usitutafute.

Josephina


Kihonda
18 Juni 2024

Josephina,

Mliondoka kabla makofi hayajaisha. Nilikuja nyuma ya jukwaa nikakuta maganda ya machungwa.

Najua unaandika barua, au umeshaiandika. Acha niseme kabla haijafika. Neno lako ulilitimiza. Andrea alikaa na filimbi mapajani, viganja vyote viwili juu yake, hakuinyanyua. Nyinyi mlinyamaza sawasawa, na fidla zikanyamaza sawasawa. Ilikuwa vilevile nilivyoiandika, hata zaidi. Ukumbi wote ulishika pumzi. Na mimi vidole vyangu vilikuwa juu ya kinanda. Nikaipiga sauti ya saba.

Sikupanga. Sauti ile sikuwahi kuwa nayo kwenye kompyuta, hilo unalijua. Niliporudi kutoka kwenu niliitengeneza kwa kukumbuka ile pumzi moja ya mtoni, nikahangaika nayo mpaka ikafanana. Nikajiambia ni ya kuiweka tu. Ilipofika zamu yake nikauona ule mlango, na bati juu ya miti miwili, na kidole kikashuka. Mama wa Denmark aliteremsha fidla akanitazama. Wengine wakaingia mapema, mmoja hakuingia kabisa. Nyinyi mkaendelea.

Watu walipiga makofi, hawakujua. Waliojua wameandika kwamba mtunzi aliogopa palepale palipohitaji moyo. Safari ya Denmark haipo tena. Walikitaka kimya, nami nimekiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, wala siwezi kumsingizia mtu wa Nyandira. Na nimejaribu.

Radhi siombi. Nakujulisha tu kwamba najua ni mimi.

Wilfred


Nyandira
27 Juni 2024

Binamu Wilfred,

Nilikuwa nimeandika barua ndefu. Yako imekuja ikaiharibu, kwa sababu ukurasa mzima nilikuwa nakuthibitishia kwamba ni wewe. Nimeichana. Nakuandikia kilichobaki.

Zamu ile si yako. Haikuwa yako baba yako akiwa hai, haikuwa yako alipokufa, na tarehe 15 ilikuwa ya Andrea, aliyeiacha wazi kwa ajili yako. Mtu anakusogezea kiti akupe heshima mbele ya wageni, wewe unamkalia mapajani.

Umeandika kwamba tuliendelea. Hatukuendelea wote. Mzee Petro, yule aliyekaa mwisho upande wangu, alikosa zamu yake kwa sababu aligeuka kutazama nani ameingia. Nimempiga kwa miaka mingi, yaani nimepiga naye, hajawahi kukosa zamu hata siku aliyokuwa na malaria. Kwa hiyo unajua sasa sauti yako ilikuwaje. Mimi sitaiandika.

Nimechukua kalamu kwa sababu umeniharibia Andrea. Tarehe 8 aliipuliza mbele ya watu wote, ikalia ilivyolia, tukashangilia kwa kuwa matanga ni matanga, naye akaamini. Angezoea. Na sisi tungezoea. Watoto wanaokua sasa wangesikia ile ya kikohozi na kudhani ndiyo yenyewe, na hakuna ambaye angewasahihisha. Sasa ameisikia yenyewe, amekaa karibu na spika yako, na tangu turudi hataki kuiweka mdomoni. Jumapili tumepiga kanisani. Tukafika kwenye zamu yake, filimbi ipo mapajani, yeye anatazama miguu yake. Tukanyamaza. Misa ilipokwisha watu wakanijia kuuliza nani amefariki.

Hakuna aliyefariki. Pengo la kwanza lilikuwa na marehemu ndani yake, lilikuwa na heshima zake. Hili lina mwanamume mzima mwenye afya, anayekula kwa mama na kununa.

Lukolo limekaa. Mimi nilisema utozwe mbuzi, iishe. Nikashindwa, na aliyenishinda ni mama, kwa hiyo hakuna rufaa. Wameamua kwamba aliyemwangusha ndiye atakayemwinua. Utakuja, utakaa na Andrea mpaka ile sauti itoke kinywani mwake. Mtatumia mwanzi wa kujifunzia. Filimbi yenyewe hutaigusa, umeshaigusa ya kutosha. Mashine hutaleta. Siku itakapotoka sawasawa utafunga mkoba wako uondoke, na sauti itakuwa ya Andrea, na watu watamsifu yeye, na mimi nitamsifu kuliko wote, na wewe usitegemee kusikia jina lako hata kwa bahati mbaya.

Haya ni maamuzi ya wazee, usiyasome kama ombi langu. Ningekuwa na mtu mwingine mwenye sikio lile, hapa au Mlali au popote, ningemwandikia huyo.

Luqmani anapanda Jumatano. Wewe utakaa nyuma na magunia matupu. Mbele anakaa mama, anatoka kliniki.

Josephina